Mtoto Anapolia Ndani ya Basi

Kila mwezi wa Desemba, shule zinapofungwa, stendi ya Nyegezi jijini Mwanza hujaa familia. Wengine wanakwenda Sengerema, wengine Geita, wengine Biharamulo na Bukoba, kuwasalimu wazazi na kula Krismasi nyumbani. Baba anahangaika na mizigo kwenye buti. Mama amempakata mdogo kifuani, mkubwa amemshika mkono, na mkoba unaning'inia begani. Basi linaondoka, na kabla halijafika Usagara, mdogo anaanza kulia.

Mama yeyote aliyewahi kusafiri na mtoto mchanga anajua kinachofuata. Abiria wa mbele anageuka. Wa nyuma anasonya. Mmoja anasema, "Mama, mnyonyeshe mtoto," kumbe mtoto amekwisha kulikataa titi mara tatu. Mwingine anauliza kama mtoto ana mchango. Jasho linamtoka mama, mikono inamtetemeka, na mtoto naye, akiuhisi wasiwasi wa mama yake, anazidi kulia.

Kliniki, na katika vikundi vya akina mama kanisani, likizo inapokaribia huwa tunaulizwa: "Nifanye nini anyamaze njiani?" Ni swali jema, lakini tungependa kuligeuza kidogo. Kabla ya kutafuta jinsi ya kumnyamazisha mtoto, tutafute kwanza anasema nini. Kama tutakavyoona, mama anayetafuta kimya kwa njia yoyote ile anaweza kukipata kwa gharama kubwa.

Kilio ni maneno ya mtoto

Mtoto mchanga hana lugha nyingine. Njaa, kiu, joto, nepi iliyolowa, usingizi, gesi tumboni, hata hamu ya kubebwa tu, vyote huvisema kwa kulia. Ni vizuri pia mama ajue kwamba kilio kina majira yake. Watoto wengi huanza kulia zaidi wanapofikisha wiki 2 hivi, kilio huongezeka hadi kufikia kilele katika wiki ya 6 hadi ya 8, kisha hupungua taratibu baada ya miezi 3 au 4. Katika majira hayo mtoto mzima kabisa anaweza kulia kwa muda mrefu, hasa jioni, bila sababu inayoonekana. Si kwamba maziwa ya mama ni mepesi, wala si kwamba mama hajui kulea.

Kwa hiyo, mama mwenye mtoto wa miezi 2 na safari isiyo ya lazima asione haya kuiahirisha. Bibi atafurahi vilevile kumwona mjukuu wa miezi 4. Kumbuka pia ratiba ya chanjo. Mtoto huchanjwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, na baada ya chanjo anaweza kupata homa kidogo na kulialia kwa siku moja au mbili. Usimchanje leo ukapanda basi kesho alfajiri. Wala usiiruke chanjo kwa sababu ya safari. Panga safari iifuate.

Mtoto aliyevuka nusu mwaka hulia kwa sababu nyingine. Meno yanaota, au amechoka kukaa mahali pamoja. Aliyeanza kutambaa au kutembea haelewi kwa nini mama amemkumbatia kwa saa nyingi bila kumwachia. Kwake yeye, kiti cha basi ni kifungo.

Kigongo ya zamani na Kigongo ya sasa

Kwa sisi wa Mwanza, safari ya likizo ilikuwa na jina moja ambalo kila mama alilijua: Kigongo. Hapo, wilayani Misungwi, barabara iliishia majini, na magari yalisubiri kivuko cha kwenda Busisi, upande wa Sengerema. Kuvuka kwenyewe hakukuchukua muda mrefu, lakini foleni iliweza kuchukua saa 2 na zaidi, hasa siku za sikukuu. Jua likiwaka, basi lililosimama liligeuka tanuri, na watoto walilia basi zima.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na sasa basi huvuka Ghuba ya Mwanza kwa dakika chache tu. Ni nafuu kubwa kwa mama mjamzito anayekimbizwa hospitali, kwa mgonjwa na kwa msafiri mwenye mtoto.

Lakini kuna jambo moja ambalo akina mama tunapaswa kulitazama. Kigongo, pamoja na adha zake zote, ilikuwa pia mapumziko ya lazima. Abiria walishuka na kuingia kivukoni kwa miguu. Mama alimnyoosha mtoto mgongo, akambadilisha nepi, akamnyonyesha kwa utulivu upepo wa ziwa ukimpuliza. Mkubwa alikimbiakimbia kidogo, akanunuliwa karanga au ndizi kwa wachuuzi, akarudi garini amechangamka. Leo basi halina sababu ya kusimama pale. Mtoto aliyepakatwa Nyegezi anaweza kufika Geita hajanyooshwa hata mara moja.

Mapumziko ambayo kivuko kilimpa mama bila kuomba, sasa inabidi ayapange mwenyewe. Kabla hujakata tiketi, uliza basi husimama wapi na kwa muda gani. Mwambie konda mapema, kwa heshima, kwamba una mtoto mchanga na utahitaji dakika chache mahali pa kusimama. Konda aliyeombwa stendini husikia vizuri kuliko yule anayepigiwa kelele barabarani. Na anayekwenda hadi Bukoba afikirie kulala njiani kwa ndugu, kama anaye, badala ya kumaliza safari yote kwa siku moja.

Maandalizi ya nyumbani

Nusu ya vilio vya njiani huzuilika kabla ya kutoka nyumbani. Haya ndiyo tunayowashauri akina mama.

Kwanza, mavazi. Desturi yetu ni kumfunga mtoto msafiri kofia ya sufu, soksi, sweta na shali juu yake, hata mchana wa jua la Mwanza. Mtoto mdogo hapunguzi joto la mwili kwa urahisi kama mtu mzima, na hawezi kujivua. Mvalishe nguo nyepesi za pamba, na uchukue kitu kimoja cha kumfunika baridi ikija. Ukitaka kujua kama ana joto, gusa shingo yake kwa nyuma. Kama ina jasho, mpunguzie nguo. Viganja na nyayo hudanganya, kwani huweza kuwa baridi mwili ukiwa na joto.

Pili, chakula. Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu, hata siku ya joto kali. Usimpe maji, uji wala juisi ya njiani. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mama unywe maji ya kutosha. Wapo akina mama wanaokaa na kiu makusudi ili wasihitaji choo njiani. Hiyo ni kujiumiza. Maziwa uliyojikamulia hukaa salama muda wa saa 4 tu katika joto la kawaida la nyumbani, na ndani ya basi lenye joto ni vema yatumike mapema zaidi. Kwa anayetumia maziwa ya kopo, chukua unga na maji yaliyochemshwa mbalimbali, uchanganye wakati wa kunywesha, na kinachobaki kimwagwe. Aliyevuka miezi 6 mchukulie uji kwenye chupa ya chai, na ndizi mbivu ambayo utaimenya mwenyewe.

Tatu, mkoba wa mtoto. Usiuache kwenye buti. Uwe miguuni pako, ukiwa na nepi za kutosha na mbili za ziada, kitambaa kilicholoweshwa na sabuni kidogo, mfuko wa kutia nepi chafu, nguo ya kubadilisha, kanga mbili, na kadi ya kliniki ya mtoto. Kadi hiyo ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani: mtoto akiugua ugenini, muuguzi atajua mara moja uzito wake na chanjo alizopata. Weka pia kitu kimoja anachokijua mtoto, kama kanga unayomlalia nyumbani. Harufu ya nyumbani humtuliza mtoto kuliko mwanasesere mpya.

Nne, kiti. Chagua kiti cha katikati ya basi, ambako hakuna mtikiso mwingi kama nyuma, upande usiopigwa na jua. Watoto wawili wakiwa wa kupakata, baba na mama wakae jirani ili waweze kupokezana.

Ndani ya basi

Mtoto akianza kulia, usianze kwa kuwatazama abiria. Mtazame mtoto. Vuta pumzi, kisha mkague kwa utaratibu, kwa maana mama mwenye utaratibu haogopi.

Alinyonya saa ngapi? Nepi ikoje? Ana jasho? Je, kuna kitu kinachombana, kama lastiki, kifungo, au uzi uliozunguka kidole cha mguu? Baada ya kunyonya alibeua? Mshikilie wima, kifua chake begani kwako, umpapase mgongo taratibu. Kwa kuwa basi linatikisika, mtoto humeza hewa nyingi anaponyonya njiani, hivyo mbeulishe katikati ya kunyonya na mwishoni.

Ukishayakagua hayo yote na bado analia, mlaze kifuani ngozi yako na yake zigusane chini ya kanga, umwimbie kwa sauti ya chini wimbo anaousikia nyumbani, uwe wa Kisukuma, wa Kihaya au wa kanisani. Funika uso wako na wake na kelele za video ya basi, lakini kanga isizibe pua yake. Iache wazi upande mmoja ili hewa ipite. Mkubwa mwonyeshe ng'ombe, mawe makubwa na mitumbwi dirishani, umpe kazi ya kuhesabu. Usimruhusu atoe mkono au kichwa nje.

Kuna mambo matatu ya hatari ambayo tungependa kuyataja waziwazi. Kamwe usimtikise mtoto kwa nguvu, hata ukiwa umechoka namna gani. Ubongo wake ni laini na unaweza kuvuja damu. Chai ya moto isifunguliwe mtoto akiwa mapajani. Na mkanda wa kiti ufungwe kwa mama peke yake, mtoto akishikwa mbele ya mkanda, kwa maana mkanda uliowafunga wote wawili unaweza kumponda mtoto gari likifunga breki ghafla. Kumpakata nako si kinga kamili, ila ndicho tunachoweza kufanya katika mabasi yasiyo na viti vya watoto.

Anayesafiri kwa vivuko vinavyoendelea, kama kile cha Kisorya kwenda Rugezi, Ukerewe, asimuogeshe mtoto wala kufua nepi ufukoni wakati wa kusubiri. Maji ya kando ya ziwa letu yana kichocho.

Kijiko cha kimya

Sasa tuje kwenye jambo lililotufanya tuandike makala hii.

Desemba 2022, kabla daraja halijakamilika, tulikuwa wauguzi wawili pamoja na akina mama wenzetu wa kanisani tukienda Sengerema. Foleni ya Kigongo ilikuwa ndefu. Viti viwili mbele yetu alikaa mama kijana na mtoto wake wa miezi 4, ambaye alilia tangu Usagara. Watu walimsema sana yule mama. Mmoja alimwambia kama hawezi kumtunza mtoto, asipande magari ya watu. Hatimaye mtoto alinyamaza, na basi zima likashusha pumzi. Mzee mmoja akasema, "Afadhali kalala."

Tulipokuwa kivukoni tulimwona yule mama amesimama kwenye chuma cha pembeni, gauni lake limelowa maziwa kifuani. Titi lilikuwa limejaa, na mtoto hakuwa ameamka kudai haki yake. Mwenzetu alimsogelea.

"Mama mtoto, habari za safari?"

"Nzuri, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Huyu amenyonya saa ngapi?"

"Asubuhi, mama. Ila sasa amelala vizuri, nashukuru."

Tuliushika mkono wa mtoto. Ukaanguka kama kitambaa. Tukamkwaruza nyayo kwa kidole. Akafumbua macho kidogo, akayafumba. Alikuwa akipumua polepole mno. Tulipouliza kwa upole, mama alitoa mkobani chupa ndogo ya dawa ya maji ya mzio, ambayo wengi wetu huinunua dukani kwa ajili ya mafua. Jirani yake alimshauri ampe kijiko kimoja ili alale hadi Geita. Watu walipozidi kumsema kwenye foleni, alimpa kijiko cha pili.

Tulipofika Busisi hatukurudi kwenye basi. Tulitafuta gari, tukampeleka mtoto kwenye huduma ya afya. Aliwekewa oksijeni, akaangaliwa usiku kucha, na kesho yake akaamka akalia kwa nguvu. Mama yake alilia naye, kwa furaha. Tunamshukuru Mungu, lakini tunajua pia kwamba wapo watoto ambao hawakukutana na muuguzi kivukoni.

Wapendwa akina mama, dawa za mzio, za mafua na za kikohozi hazikutengenezwa ili kulaza watoto. Kwa mtoto mdogo zinaweza kupunguza kasi ya kupumua, na kijiko cha jikoni hakipimi dozi. Wapo watoto wengine ambao dawa hizo huwachangamsha badala ya kuwalaza, ndipo mama huongeza kijiko kingine. Pombe, hata tone la kupaka kwenye fizi, ni sumu kwa mtoto. Dawa za mitishamba za "kutuliza tumbo" nazo hazina kipimo. Hata dawa ya homa isitolewe ili mtoto alale. Itolewe kwa homa au maumivu, kwa kipimo alichoelekeza mhudumu wa afya.

Mtoto aliyelala kwa kushiba huamka akiguswa, na huamka akisikia njaa. Mtoto aliyelazwa na dawa haamki. Afadhali basi zima lisikie kilio kuliko mama asikie kimya cha namna hiyo.

Kilio kinachotaka hospitali

Mama humjua mtoto wake. Ukisikia kilio kisicho cha kawaida, chembamba na kikali, au kilio dhaifu cha mgonjwa, usijifariji kwamba ni uchovu wa safari. Shuka kwenye mji wa karibu wenye zahanati, kituo cha afya au hospitali ukiona mojawapo ya haya: mtoto hawezi kunyonya, anatapika kila anachokunywa, amepata degedege, amelegea au haamki, utosi umebonyea au umevimba, ana kinyesi chenye damu, au kifua kinabonyea ndani anapopumua.

Hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima akiwa ametulia. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni za haraka mno. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa yoyote ni wa hospitali siku hiyohiyo. Na kwa kuwa Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi, mtoto mwenye homa apimwe, asikisiwe. Huko uendako, alale ndani ya chandarua tangu usiku wa kwanza.

Akiharisha, endelea kumnyonyesha. Pakiti moja ya ORS ya kawaida huchanganywa na lita 1 ya maji safi na salama, si kikombe kimoja, naye anyweshwe kidogokidogo kwa kijiko huku ukitafuta huduma.

Mtoto wa basi zima

Mzigo huu si wa mama peke yake. Baba asikae viti vitatu nyuma akijifanya hawajui. Apokee mtoto, amsimamishe begani, ambadilishe nepi. Mikono ya baba haiharibiki. Wakubwa wapewe kazi ndogo za kumsaidia mdogo.

Nasi tunaosafiri bila watoto, tuna sehemu yetu. Yule mama kijana wa Kigongo alikwisha kuelemewa kabla hajafungua ile chupa, na maneno ya abiria yaliushika mkono wake kama vile yeye alivyokishika kijiko. Ingekuwaje kama mmoja wetu, badala ya kusonya, angesema mapema, "Lete nikupokee, mama, unywe maji"? Hapo zamani mama alipoingia mahali na mtoto analia, wanawake walinyoosha mikono. Tusiiache desturi hiyo nyumbani tunapokwenda stendi. Mpishe kiti cha dirishani. Mshikie mkoba. Mwombe konda apunguze muziki. Mwambie hata neno moja tu: "Usijali, wote tumelia."

Daraja limetuondolea foleni, na sasa tumebaki na safari ya sisi kwa sisi. Likizo hii, mtoto akianza kulia karibu na Usagara, na asikilizwe na mama yake, apokewe na baba yake, avumiliwe na basi zima. Safari njema, na Krismasi njema huko muendako.